Watu wanalipia gemu kila siku, hela ndo haifiki kwetu

Karibu na ninapokaa, Mbagala, kuna kibanda cha gemu. Mabati, TV mbili, PlayStation zilizochoka na benchi moja la mbao. Mechi ni mia tano. Anayefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki, na anayesubiri zamu ameshika jero yake mkononi mpaka imelowa jasho. Jumamosi moja mwezi wa nane 2024 nilienda pale kumchukua mdogo wangu, akaniambia dada subiri namalizia hii, nikakaa, na kwa kuwa sikuwa na cha kufanya nikaanza kuhesabu mechi. Saa moja na nusu, TV zote mbili, mechi 19. Elfu tisa na mia tano, na magharibi ilikuwa bado.

Gemu yangu mimi mwezi huo mzima iliingiza dola 3 na senti 11. Kwa kiwango cha siku zile haifiki elfu tisa.

Hesabu hiyo ilinikaa kichwani wiki nzima. Maana nimesikia mara nyingi sana, hadi na mimi nikawa naisema, kwamba Watanzania hawalipii gemu. Kwenye semina wanasema hivyo, kwenye magrupu yetu tunasema hivyo. Sasa wale wa pale kwenye benchi ni akina nani? Wanalipa. Wanalipa taslimu, kila siku, na mtu akiishiwa anakopa kwa mwenzake arudi tena kwenye foleni. Kwahiyo tatizo liko kwingine, na leo nataka niliandike vizuri kwa sababu saivi vijana wengi wanajifunza kutengeneza gemu, wananitumia meseji dada nianzie wapi, na sipendi waingie bila kujua hela inapitia wapi na inadondokea wapi.

Gemu yenyewe ni bao. Bao la kete, bao la Kiswahili kamili, mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 ghalani, kuna namua, hatua ya kuingiza kete za ghalani, halafu kuna mtaji zikishaisha, na kuna nyumba, shimo moja la pekee kwa kila mchezaji, ambayo ina sheria zake peke yake na kuzigeuza hizo sheria ziwe programu kulinichukua miezi. Bao za kwenye simu zipo, ila nyingi ni ule mchezo wa mistari miwili, ukimpa mtu wa pwani anacheza dakika mbili anakurudishia simu yako. Mi nilitaka ile ambayo mzee akishika asihisi amepewa kitu cha watoto.

Nilianza mwishoni mwa 2021. Laptopu ya mtumba toka Kariakoo, Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni bure na haina mtu wa kukudai asilimia baadaye, na usiku, maana mchana nafundisha kompyuta na kutengeneza tovuti za maduka. Nikamaliza Machi 2024. Ukinambia ni muda mrefu kwa gemu ndogo hivyo nitakubali, ila hiyo ndo bei ya kufanya kitu kwa masaa mawili ya usiku ambayo mengine umeme hamna.

Kuna kitu nataka nikisimulie taratibu hapa, sauti.

Mjomba wangu anakaa Tanga, Ngamiani, na ndo aliyenifundisha bao nikiwa mdogo wakati wanaume wengine pale barazani walikuwa wanasema mtoto wa kike anatafuta nini hapa. Nilipompelekea toleo la kwanza nilikuwa nimeweka sauti za kete nilizozikuta bure mtandaoni. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mwanangu, akashika simu, akavaa miwani, akacheza kimya kama robo saa. Halafu akasema, "Kucheza inacheza. Lakini hizi kete zinalia plastiki. Komwe hailii hivi." Akanyanyuka akaleta ubao wake, akachota komwe, zile mbegu za kuchezea bao, kiganjani akazipanda moja moja shimo hadi shimo, na kweli, ile ya kwanza inaanguka kwenye shimo tupu inalia kavu, ya pili inaikuta mwenzake inalia kwa kugongana, na shimo likishajaa sauti inakuwa nzito imejifunika. Hazifanani hata kidogo. Gemu yangu ilikuwa inapiga sauti moja kwa zote.

Tukarekodi kwa simu. Mchana haikuwezekana, pikipiki na redio za watu, kwahiyo tulisubiri mpaka saa nane usiku, madirisha tumefunga, feni tumezima, joto la Tanga mnalijua, mjomba anapanda kete mimi nimeshika simu juu ya ubao. Faili 46. Kwenye moja wapo, ile ya kete inayoingia nyumbani, nyuma kabisa kuna kikohozi chake. Kidogo, kama mtu yuko chumba cha pili. Ningeweza kukifuta, nikakiacha, nikaona ni haki yake abaki humo.

Basi. Gemu ikaisha, nikaenda sokoni.

Kufungua akaunti Google Play ni dola 25 mara moja, hiyo haina shida sana ukilinganisha na Apple ambao ni dola 99 kila mwaka, na ndo maana wengi wetu hatuna habari na iPhone. Ila kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 kulikuwa na sharti la kupata watu 20 wa kuijaribu gemu siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuiachia kwa umma. Desemba 2024 wakapunguza wakawa 12, mimi nilikuwa nimeshapita. Watu 20 inaonekana wachache mpaka uwatafute. Kila mmoja awe na simu ya Android, awe anaijua barua pepe yake, aikubali linki, ainstoli, na asifute wiki mbili. Shangazi zangu barua pepe walifunguliwa na muuza simu siku waliyonunua simu, hawajui hata jina lake. Nilizunguka Mbagala na Temeke nikiwakalia watu mmoja mmoja, na wawili walifuta siku ya tisa kwa sababu simu imejaa picha za harusi, nikaanza kutafuta wengine upya.

Halafu ndo tukaja kwenye hela sasa.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu anakwambia ni matangazo. Gemu bure, tangazo linatokea, unalipwa. Kinachofichika ni kwamba nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada, na anayenunua anatoa bei kulingana na anachotegemea yule anayeangalia atakuja kununua. Mtu wa Marekani akiona tangazo na mtu wa Mbagala akiliona hilohilo, malipo hayana hata undugu. Wachezaji wangu wako Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, wachache Muscat. Kwahiyo kwa watu wangu mwenyewe, ambao nimeitengeneza kwa ajili yao, kila macho yao yana bei ya chini kabisa kwenye mnada ule. Hili jambo huwa linaniuma kuliko hela yenyewe.

Na kuna la pili, bando. Mtu wa kwetu anawasha data akitaka kuangalia WhatsApp, akimaliza anazima. Gemu anacheza data imezimwa. Na akigundua kuwa akizima data matangazo hayaji, na wanagundua siku ya kwanza, basi ndo imeisha. Simlaumu, bando lake ni hela yake, tangazo moja la video linakula MB ambazo angemtumia mama yake sauti. Mimi mwenyewe nilipambana mwezi mzima kushusha gemu hadi MB 31 kwa sababu hiyohiyo, nikijua mtu anafikiria mara mbili kudaunlodi kitu cha MB 80. Sasa naanzaje kumlazimisha awashe data ili aangalie tangazo la sabuni.

La tatu ni kiwango cha kutolea. Kampuni ya matangazo niliyojiunga nayo haitumi hela mpaka ifike dola 100. Kwa mwendo wa dola 3 kwa mwezi piga hesabu mwenyewe, ni karibu miaka mitatu. Na ukifika dola 10 wanakutumia namba ya siri kwa barua, barua ya karatasi, kuthibitisha unapokaa. Mi sina sanduku la posta. Nikatumia sanduku la shule anayofundisha mama mdogo. Barua ya kwanza haikufika, ya pili ilichukua wiki saba, mama mdogo akanipigia kwa furaha, "Kuna barua yako ya nje, umeomba visa mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, ni ya bao. Akanyamaza kidogo. "Bao lipi?"

Njia ya pili, kuuza. Weka bei, dola moja, mtu analipa mara moja hakuna matangazo. Nilipowauliza wachezaji wangu kwenye grupu nani angelipa buku mbili akae bila matangazo, waliitikia wengi. Nikawauliza nani ana kadi ya benki aliyoiunganisha na simu yake, kimya. Hela yao ipo M-Pesa, ipo Mixx, ipo Airtel Money. Wanalipia LUKU humo, ada humo, hadi mchango wa msiba humo. Lakini kwenye apu iliyopo dukani Google Play mimi siruhusiwi kubandika lipa namba yangu niseme lipia hapa, sheria yao inataka bidhaa za kidijitali ndani ya apu zilipiwe kwa mfumo wao. Kwahiyo yuko mtu ana buku mbili anataka kunipa, na niko mimi nazihitaji, na hatuwezi kukutana.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi akaniambia achana na simu nenda Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, huko watu wa kompyuta wanalipa. Ni kweli wanalipa. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja. Kuweka gemu ni dola 100 kwa kila gemu, unarudishiwa ikishauza dola 1,000. Chukua gemu ya dola 5. Steam inachukua asilimia 30, inabaki 3.50. Kama mnunuzi yuko Marekani, serikali yao inakata kodi asilimia 30 ya fungu lako kwa sababu nchi zetu, Tanzania na Kenya, hazina mkataba wa kodi na Marekani, inabaki 2.45. Hapo hujatoa punguzo la bei, na bila punguzo hauzi. Hujatoa makato ya benki ya kupokea dola. Na mtu akiwa amecheza chini ya masaa mawili na hazijapita siku 14 anaweza kudai arudishiwe hela yake, ambayo kwa gemu kubwa ni haki kabisa, ila kwa gemu fupi mtu anaweza kuimaliza yote akadai.

Na hiyo ni kama wamekuona. Mwaka 2024 peke yake zilitoka gemu zaidi ya 18,000 Steam, ni kama 50 kila siku inayokwenda kwa Mungu. Siku gemu yako inatoka kuna nyingine 49 zinatoka na wewe, na zote zimetengenezwa na mtu ambaye hajalala.

Najua mtasema mbona fulani alitajirika. Nazijua hizo hadithi, nilikuwa nazilala nazo. Dong Nguyen wa Vietnam na Flappy Bird, gemu ya ndege aliyoitoa Mei 2013, mapema 2014 ikawa inaingiza kama dola 50,000 kwa siku kwa matangazo tu, halafu Februari akaitoa mwenyewe sokoni kwa sababu ilimvurugia maisha. Eric Barone, Mmarekani, Stardew Valley, mtu mmoja alichora, akaandika programu, akatunga muziki, ikatoka Februari 2016 ikauza mamilioni. Hiyo ya Barone ndo napenda niisimulie kwa vijana, ila kwa upande ambao hausimuliwi sana. Alikaa kwenye ile gemu zaidi ya miaka minne. Muda huo alikuwa anafanya kibarua cha kuwaelekeza watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho Seattle, na aliyekuwa anabeba gharama kubwa za maisha ni mpenzi wake. Kwahiyo nyuma ya mtu mmoja aliyetengeneza kila kitu kulikuwa na mtu wa pili anayelipa kodi ya nyumba. Ukiangalia karibu kila aliyefika, kuna mtu kama huyo, au kuna akiba, au kuna nchi ambayo ukikosa kazi hufi njaa. Kwangu mimi ni mume wangu, kondakta, anayetoka alfajiri na kurudi saa nne usiku na hajawahi hata siku moja kuniuliza ile gemu itaanza kulipa lini. Nimeandika jina lake kwenye orodha ya waliotengeneza, juu kabisa, pamoja na mjomba.

Hata ukiuza vizuri kuna wanaokuja nyuma yako. Februari 2014 Asher Vollmer na Greg Wohlwend walitoa Threes, gemu ya namba, ya kulipia, waliihangaikia miezi 14 mpaka ikawa nyepesi vile. Mwezi uliofuata Gabriele Cirulli, kijana wa Italia wa miaka 19, akatoa 2048 aliyoitengeneza wikiendi moja, bure, na dunia nzima ikacheza 2048. Kijana hakuwa na nia mbaya, alikuwa anajifunza tu na hakuiuza. Lakini ni miezi 14 dhidi ya siku mbili, na watu wengi hadi leo hawajui kuna iliyotangulia. Ndo ilivyo kwenye gemu ndogo, kadiri unavyoisafisha ikawa rahisi kueleweka ndivyo inavyokuwa rahisi kunakiliwa.

Ya kwangu haikunakiliwa, ilichukuliwa nzima.

Desemba 2024 mwanafunzi wangu mmoja akanionyesha gemu kwenye simu yake, dada angalia kuna bao lingine zuri. Jina tofauti, rangi ya ubao tofauti, matangazo kila baada ya zamu. Alipewa na rafiki yake kwa kurushiana faili, sio dukani. Nikacheza. Sheria za nyumba zilezile nilizozihangaikia, hadi kosa dogo moja ambalo bado nilikuwa sijalirekebisha. Nikajiambia labda ni bahati tu, sheria za bao si zangu, ni za watu wote. Nikacheza mpaka kete ikaingia nyumbani, na nyuma ya ile sauti nikamsikia mjomba anakohoa.

Sijui ni nani aliyefanya hivyo na sijamtafuta. Alifungua faili yangu akabadilisha rangi akaweka matangazo yake, na kikohozi cha mjomba wangu kikawa kinamwingizia mtu nisiyemjua vijisenti. Usiku ule sikuweza kufungua laptopu.

Na msidhani hizi shida ni za sisi wa kutengeneza peke yetu chumbani. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliitengeneza kutokana na kufiwa na baba yake, ina hadithi za Kibantu na unaweza kuicheza wahusika wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho. Siku niliyosikia Kiswahili kile kwenye gemu kubwa nililia, sioni aibu kusema. Ilikuwa na EA, kampuni kubwa ya gemu ya Marekani, nyuma yake kama mchapishaji. Julai mwaka huohuo studio ya Salim ikapunguza watu, na Oktoba wakatangaza kukisimamisha kitengo cha gemu wakati wanatafuta fedha za kutengeneza nyingine. Watu wa Kiro'o Games kule Yaoundé, Kamerun, walioitoa gemu ya Aurion mwaka 2016, iliwabidi waanze kwa kuuza hisa kwa watu wa kawaida na kuchangisha mtandaoni kwa sababu hakuna benki ingewaelewa. Hao ndo waliofanikiwa. Hao ndo tunaowatolea mfano.

Kinachotulisha kweli wengi wetu ni kazi za mkataba. Shirika linataka gemu ya kufundisha watoto kunawa mikono, au mbu, au usalama barabarani, unatengeneza unalipwa. Ni kazi ya heshima na siidharau, bao langu limejengwa kwa hela hizo. Ila zina tabia yake. Moja niliyofanya ililipwa nusu mwanzo na nusu ya pili ikaja baada ya miezi saba, na gemu yenyewe ilizinduliwa kwa keki na picha halafu haikuwekwa kwenye simu ya mtoto yeyote ninayemjua. Na kila mwezi unaokaa kwenye gemu ya mtu ni mwezi ambao yako imelala. Ukikaa huko miaka mitatu unakuwa na ujuzi mkubwa na huna hata gemu moja yenye jina lako.

Sasa nirudi kwenye jero.

Baada ya ile Jumamosi na baada ya kile kikohozi, nilifanya kitu ambacho ningekifanya toka mwanzo. Kuna kijana pale Rangi Tatu anatengeneza simu na kuingizia watu nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Nikampelekea toleo tofauti la bao, halipo dukani, halina matangazo, halihitaji bando. Mtu anawekewa pale bure. Akifungua inamruhusu michezo mitatu, halafu inatoa namba sita. Anatuma buku kwa lipa namba, ananitumia zile namba sita WhatsApp, namrudishia namba nyingine inafunguka moja kwa moja. Nafanya kwa mkono, usiku nikirudi, mmoja mmoja. Kwenye kila buku kijana anachukua mia tatu.

Miezi miwili ya kwanza walilipa watu 61. Fungu langu 42,700. Haifiki kodi ya chumba kimoja huku kwetu, sitaki kumdanganya mtu. Lakini ni zaidi ya matangazo ya miezi minne, na imefika kwenye simu yangu siku ileile bila barua wala dola 100. Na kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba mtu akishakulipa na ana namba yako anaongea na wewe. Mzee mmoja wa Kilwa alinitumia sauti dakika nne akinieleza kwao wanavyocheza namua tofauti kidogo. Mama mmoja alitaka maandishi yawe makubwa. Wengine wanataka tu kunijulisha wamemfunga nani.

Nina wasiwasi na mambo kadhaa, msione kama nimepata jibu. Simu zinazidi kuwa kali kuhusu apu zisizotoka dukani, zinamtisha mtu kwa maandishi mekundu. Wakifika watu 600 sitaweza kuwajibu kwa mkono. Na yule aliyechukua gemu anaweza kuchukua hii pia. Ila kwa mara ya kwanza najua wanaolipa ni akina nani.

Mwenye kibanda cha gemu naye alikuja, alikuwa amesikia kwa mdogo wangu. Akaniambia Jumatano jioni TV yake moja inakaa bure, hamna mpira watu hawaji, je hilo bao linaweza kukaa kwenye TV? Nikakaa wiki mbili nikaliwekea uwezo wa kuchezwa kwa pedi, tukaliweka kwenye kile kiboksi cha Android, ubao ukajaa TV nzima, kete kubwa kama ndimu. Mechi mia tano, yeye mia tatu mimi mia mbili.

Jumatano ya kwanza vijana walikaa wakaangalia wakaondoka. Kama saa kumi na mbili wakaja wazee wawili wa baraza la pale msikitini, mmoja kaletwa na mjukuu wake, wakakaa kwenye lile benchi, wakafundishwa pedi, wakakosea, wakafundishwa tena. Mchezo mmoja uliwachukua dakika 40. Wakacheza minne, hadi taa za barabarani zikawaka, elfu mbili, yangu mia nane. Mi nilikuwa nimesimama mlangoni na wale watu waliojikusanya nyuma. Kwenye mchezo wa tatu mzee wa upande wa kulia alikuwa anapanda kutokea kulia kabisa, anahesabu kwa midomo, kete ya mwisho ikaingia nyumbani, na akageuka nyuma kuangalia nani amekohoa.